Shukrani Zilizotangulia Likizo

Nchi ninayotaka kuisimulia haiko mbali sana, ila sitaitaja, kwa sababu watu wake ni wapole na hawapendi kusemwa. Atakayedhani ameitambua, ameitambua mwenyewe, mimi sikumwonyesha. Habari zake nimezikusanya polepole, na pale nisipokuwa na hakika nitasema sina hakika.

Katika nchi hiyo watumishi wa serikali walianza kuchoka. Mwanzoni haikujulikana kuwa ni kuchoka. Mpima ardhi mmoja alilia katikati ya kikao, na muhtasari wa kikao ukaandika kwamba mjumbe huyo alichangia kwa hisia. Mwalimu mmoja aliita majina ya wanafunzi mia na arobaini wa darasa lake, akafika mwisho, akaanza tena mwanzo, akaendelea hivyo mpaka kengele ya kwenda nyumbani. Kisha karani wa Wizara ya Kilimo akapokea simu na kusema, "Mnataka nini tena?" Aliyepiga alikuwa Waziri. Siku hiyohiyo ikaonekana kwamba tatizo ni la kitaifa.

Ikaundwa Tume ya Kuchunguza Uchovu Kazini. Wajumbe walizunguka nchi kumi na moja wakitazama jinsi watu wa huko wanavyopumzika, na kwa kuwa walitaka uchunguzi uwe wa kina, walipumzika nao. Waliporudi walipewa mwezi mmoja wa kupumzika kutokana na safari, halafu wakaandika ripoti ya kurasa mia nne.

Nimeisoma yote. Sehemu muhimu iko ukurasa wa mia tatu na tisa. Hapo Tume inaeleza kwamba iliwahoji watu mia mbili wasio na kazi yoyote, na hakuna hata mmoja aliyekutwa na uchovu wa kazi. Tena, walipoulizwa kama wangeshukuru kupata kazi, wote walisema wangeshukuru sana. Tume ikayaunganisha mambo hayo mawili: mwenye shukrani hana uchovu, na mwenye uchovu hana shukrani. Wajumbe wote wakatia sahihi.

Hivyo ndivyo ilivyozaliwa Wizara ya Shukrani Kazini. Waziri wake wa kwanza alikuwa Mheshimiwa Gaspari Mkungume, mtu mwenye sauti inayofika mbali. Siku ya uzinduzi alisimama jukwaani akasema:

"Ndugu wananchi! Mgongo unaokuuma ni mgongo ulio nao! Je, yule asiye na mgongo, ataumwa nini?"

Wananchi walipiga makofi, kwa sababu swali lilikuwa gumu.

Sheria ikatungwa. Kila mtumishi, kuanzia saa moja na nusu hadi saa mbili na nusu asubuhi, ajaze Fomu Namba 4 na kutaja mambo matatu anayoishukuru kazi yake. Jambo lililokwisha kutajwa lisirudiwe ndani ya mwaka mmoja. Saa hiyo ya kushukuru ifidiwe jioni, na nafasi ya kuifidia ihesabiwe kuwa jambo la kushukuru, lakini mara moja tu.

*

Bi. Stumai Mbwelwa alikuwa karani wa masjala, yaani chumba cha kutunzia majalada, katika Idara ya Majina ya Mitaa. Idara hiyo ilikuwa na kazi nyingi. Katika nchi ile mtaa hupewa jina la kiongozi, na kiongozi akiharibikiwa, mtaa hubadilishwa jina. Kulikuwa na mtaa mmoja mfupi, wenye nyumba sita na kibanda cha mkaa, ambao jalada lake lilikuwa na uzito wa kilo tano.

Zamani masjala ilikuwa na makarani watatu. Mmoja alistaafu. Wa pili alihamishiwa Wizara ya Shukrani. Bi. Stumai akabaki na kazi ya watatu, na likizo aliisikia mara ya mwisho miaka sita iliyopita.

Miezi ya kwanza fomu haikumsumbua. Alishukuru kwa paa, kwa meza, kwa kalamu, kwa dirisha. Mwezi wa nne mambo yakaanza kupungua. Siku moja aliandika: "Nashukuru kwa kabati la tatu, ambalo mlango wake haujaanguka kama wa kabati la pili." Fomu ilirudi ikiwa na wino mwekundu: "Shukrani hii ina lawama ndani yake. Irudiwe."

Aliyeandika hivyo alikuwa Bwana Liberati Chondo, Afisa Shukrani wa idara, kijana wa miaka thelathini na tano hivi, mwenye tai na saa kubwa. Hakuwa mtu mbaya. Nasema hivyo mapema ili msimsubiri awe mbaya.

Mzee Shomvi, tarishi wa idara, alikuwa na njia yake. "Mimi leo nimeshukuru goti la kulia," alimwambia Bi. Stumai akimwekea majalada mezani. "La kushoto naliwekea akiba, wiki ijayo ni ndefu."

"Na viungo vikiisha, Mzee wangu?"

"Nitaanza vya mke wangu. Si ndiye anayenipikia nije kazini? Yule ana viungo vingi, nakwambia. Wewe mwanamke hujamwona tu."

"Astaghafiru! Hizo fomu zinasomwa na vijana."

"Basi na wao washukuru."

Katikati ya mambo hayo, binti yake Bi. Stumai aitwaye Mwanaheri akachumbiwa. Harusi ikapangwa Jumamosi, tarehe kumi na nane, huko kwao Mtamba, upande wa kusini, safari ya siku moja na nusu.

Sasa lazima nieleze jambo moja la watu wa Mtamba. Kwao bibi harusi hatoki ndani ya nyumba mpaka mama yake mzazi amshike mkono na kumvusha kizingiti. Mama akiwa amefariki, hushika shangazi. Lakini mama akiwa hai na hayupo, watu hawasemi kitu. Hunyamaza tu, na kimya hicho hukumbukwa miaka mingi. Bi. Stumai alikuwa ameshaikosa harusi ya binti yake mkubwa, kwa sababu wiki ile baraza la mawaziri lilipanguliwa na mitaa kumi na saba ikawa inasubiri majina. Kimya cha siku ile alihadithiwa na watu wanne, kila mmoja kwa namna yake.

"Safari hii nakwenda," alimwambia Mzee Shomvi.

"Kwa ruhusa au bila ruhusa?"

"Kwa ruhusa. Mimi mtu wa masjala. Sitoki bila karatasi."

*

Alikwenda ofisini kwa Bwana Liberati asubuhi, baada ya saa ya shukrani.

"Shikamoo, mama," alisema Bwana Liberati akisimama.

"Marahaba. Nimekuja kuomba likizo. Siku saba. Namwoza binti yangu."

"Hongera sana! Mungu awabariki maharusi." Akaketi. "Likizo haiwezekani."

"Kwa nini?"

"Mama, mtu anayekishukuru chakula, huondoka mezani?"

"Huondoka akishashiba, Bwana Liberati."

Bwana Liberati alipekua mwongozo wake. Haukuwa na jibu la hapo, kwa hiyo akafungua jalada. "Likizo ni dawa ya uchovu. Wewe alama zako za shukrani ni asilimia tisini na nne. Kwa alama hizo huna uchovu wa kutosha kupumzishwa."

"Na nikizishusha?"

"Ukiwa chini ya hamsini unapelekwa kambi ya shukrani, wiki tatu. Kuna uji na nyimbo."

"Kambi iko wapi?"

"Kaskazini."

"Mtamba ni kusini."

"Ndiyo, mama. Hilo nalo linasikitisha."

"Wewe mwenyewe ulichukua likizo lini?"

"Mimi?" Bwana Liberati alitazama saa yake kana kwamba jibu lilikuwa humo. "Mimi nina asilimia tisini na tisa. Huu ni mwaka wa tisa."

Bi. Stumai alimtazama kama anavyomtazama mtoto aliyelala bila shuka. Kisha akasema, "Basi niruhusu niandike barua. Nikataliwe kwa maandishi."

"Hiyo ni haki yako, mama. Na hiyo haki, ukipenda, unaweza kuitaja kwenye fomu ya kesho."

*

Barua aliandika mchana huohuo, kwa mwandiko wake ulionyooka. Alieleza jina lake, cheo chake, tarehe ya harusi na desturi ya Mtamba. Akamalizia hivi: "Mwisho, natanguliza shukrani zangu za dhati kwa kupewa likizo ya siku saba, kuanzia tarehe 14 hadi tarehe 20 ya mwezi huu."

Barua za serikali katika nchi ile humalizika kwa kutanguliza shukrani tangu enzi za babu zao. Anayeomba tairi hutanguliza shukrani. Aliyefukuzwa kazi, akiomba kurudishwa, hutanguliza shukrani. Hakuna aliyewahi kuzitazama mara mbili. Kwa hiyo sijui kama Bi. Stumai alikusudia lolote. Najua tu kwamba watu wengi huandika "natanguliza shukrani" wakaweka nukta, na yeye nukta hakuiweka pale. Najua pia kwamba alikuwa amekaa masjala miaka ishirini na miwili, na mtu wa masjala anajua karatasi ikiingia mlango huu itatokea wapi.

Ilitokea Wizara ya Shukrani, Kitengo cha Kuvuna.

Kitengo hicho kilikuwa kipya. Mheshimiwa Mkungume alikuwa amemwahidi Rais shukrani milioni moja za kuwasomea wananchi siku ya Sikukuu ya Taifa, na fomu zilikuwa zimeanza kukauka, maana watumishi walikuwa wamekwisha kushukuru kwa bawaba, kwa kivuli cha bendera, kwa sauti ya feni iliyoharibika. Ndipo ikaamuliwa kwamba shukrani yoyote iliyomo katika barua yoyote ya serikali ichumwe na kuingizwa katika Daftari Kuu la Shukrani, pamoja na jina la mwenye kushukuru na sababu yake.

Daftari Kuu halikuwa na ruhusa ya kufutwa. Mwaka uliotangulia afisa mmoja alifuta shukrani za mkwewe baada ya kugombana naye kwenye msiba, na tangu hapo kufuta shukrani ya taifa kukawa na kifungo cha miaka mitatu.

Mchumaji mmoja makini akaisoma barua ya Bi. Stumai, akaikuta shukrani nzuri, nene, yenye sababu na tarehe. Akaiandika: "Bi. Stumai Mbwelwa, Idara ya Majina ya Mitaa, anaishukuru Serikali kwa kupewa likizo ya siku saba." Akagonga muhuri. Halafu, kama utaratibu unavyotaka, akamtumia Bwana Liberati karatasi ya kuthibitisha kwamba sababu ipo.

*

Bwana Liberati aliingia masjala bila kubisha hodi. Tai ilikuwa imehama upande.

"Mama, umefanya nini? Umeshukuru kwa kitu ambacho hakipo!"

"Nimetanguliza tu, Bwana Liberati. Si kila barua inatanguliza?"

"Imeingia kwenye Daftari Kuu!"

"Ifute."

"Miaka mitatu!"

Mzee Shomvi, aliyekuwa ameketi juu ya jalada la ule mtaa wa kilo tano, aliguna. "Sasa hiyo ndiyo inaitwa shukrani hewa," alisema. "Nchi hii nimeona wafanyakazi hewa, nimeona madaraja hewa. Shukrani hewa ndiyo kwanza leo. Na Rais ataisoma kwa mdomo wake mwenyewe?"

Bwana Liberati alishika meza. "Mzee, tafadhali usiseme neno hilo kwa sauti."

"Hewa?"

"Mzee!"

Suala likapanda juu. Likajadiliwa wizarani saa tisa mfululizo, mlango ukiwa umefungwa. Wanasheria walisema kulikuwa na njia mbili tu: kuifuta shukrani, jambo ambalo ni kosa la jinai, au kuitafutia sababu yake. Mwishowe Mheshimiwa Mkungume alisimama.

"Serikali hii," alisema, "haijawahi kushukuriwa bure, na haitaanza leo! Apewe likizo!"

Hata hivyo Mheshimiwa hakuwa mtu wa kuachilia jambo bila fomu. Ikaamriwa kwamba, kwa kuwa mtumishi akiwa likizoni anaweza kuisahau kazi, Afisa Shukrani afuatane naye mpaka Mtamba na kujaza Fomu Namba 9, inayouliza ni mara ngapi kwa siku mtumishi aliikumbuka kazi yake kwa moyo wa shukrani.

*

Walisafiri wawili, Bi. Stumai na kanga zake kwenye kikapu, Bwana Liberati na ubao wake wa kuandikia.

"Mama, hivi sasa umeikumbuka kazi?"

"Umenikumbusha wewe."

"Niandike moja?"

"Andika nusu."

Mtamba nyumba ilikuwa imejaa wanawake. Wakamkuta mgeni ana tai katikati ya sufuria, wakamuuliza Bi. Kibibi, dada yake Bi. Stumai, huyu ni nani.

"Wa serikalini huyo. Anahesabu."

"Anahesabu nini?"

"Dada anavyoikumbuka ofisi."

"Maskini! Hana kwao?"

"Kijana," Bi. Kibibi alimwita, "hiyo mikono inajua kisu, au inajua kalamu tu? Njoo hapa. Vua hiyo kamba shingoni, isije ikaingia kwenye pilau."

Wakampa kilo kumi na mbili za vitunguu. Bwana Liberati alimenya na kukata, na alipokuwa akikata alilia, jambo ambalo ni la kawaida. Ila walionisimulia wanasema vitunguu vilipokwisha aliendelea kulia kidogo, taratibu, na wanawake wakaendelea na kazi zao bila kumtazama, kwa adabu. Halafu akalala kwenye mkeka mchana kutwa, na Fomu Namba 9 chini ya kichwa chake.

Wakati huo huko mji mkuu mambo yalikuwa yameharibika. Sijui nani alisambaza habari za ile barua. Mzee Shomvi anasema si yeye, ingawa siku hizo alionekana katika wizara saba. Barua zikaanza kumiminika. Walimu walitanguliza shukrani zao za dhati kwa madawati elfu tisa. Wauguzi walitanguliza kwa glavu. Askari magereza walitanguliza kwa paa. Wilaya moja nzima ilitanguliza kwa daraja, ikaambatisha na mchoro. Kitengo cha Kuvuna kilichuma usiku na mchana, na siku ya tatu shukrani milioni moja zikatimia. Mheshimiwa alifurahi sana, hadi mwanasheria alipomweleza kwamba sasa serikali inatakiwa kujenga madaraja mia mbili na kumi na mawili, la sivyo Rais atasoma uongo.

Ijumaa jioni baraza la mawaziri likatamka kwamba shukrani inayotangulia si shukrani, bali ni ombi lililovaa kanzu. Zote zihamishiwe katika daftari jipya, Daftari la Maombi Yanayofanyiwa Kazi, ambalo halina mwisho. Na chochote kilichokwisha kutolewa kwa njia hiyo kikome Jumamosi, saa nne kamili asubuhi.

Kilichokwisha kutolewa kilikuwa kimoja tu.

*

Jumamosi saa nne kasoro dakika kumi, Bi. Stumai alikuwa amesimama ndani, karibu na mlango, katika kanga mpya. Mwanaheri alikuwa anamaliziwa kuvishwa mtandio. Mlango wenyewe ulikuwa haujafunguliwa, na nje watu walikuwa kimya wakisubiri kuona ni mkono wa nani utakaotangulia kutokea.

Simu ya Bwana Liberati ikalia. Ilikuwa sauti inayofika mbali.

"Afisa Chondo! Likizo ya huyo mama inakoma saa nne! Mweleze sasa hivi kwamba anatakiwa kuwa safarini kurudi kazini! Umenisikia?"

Katika utumishi wa nchi ile, amri ya mdomo huanza kutumika pale inaposikiwa na afisa anayehusika. Bwana Liberati aliijua kanuni hiyo kwa namba yake. Alimtazama Bi. Stumai, na Bi. Stumai alikuwa anamtazama. Hakumwomba. Alisema tu, kwa sauti ya chini, "Mwanangu, pini moja bado."

"Afisa Chondo, unanisikia?"

"Hapana, Mheshimiwa."

"Kama hunisikii, umejuaje nimekuuliza?"

"Nimekisia, Mheshimiwa. Hapa kuna vigelegele vingi sana."

Lazima niseme kweli: wakati anasema hivyo hapakuwa na kigelegele hata kimoja. Bwana Liberati akamgeukia Bi. Kibibi na kumkazia macho.  Bi. Kibibi alivuta pumzi, akaanza yeye, na wanawake wa ndani wakaitikia, na wa nje, ambao hawakujua sababu, wakaitikia wa ndani, mpaka kuku wa jirani wakapanda juu ya ukuta.

Mlango ukafunguliwa. Bi. Stumai akamshika binti yake mkono.

Yaliyobaki niliambiwa na mwendesha mitambo ya simu wa wizara, ambaye kazi yake ni kusikiliza na kunyamaza, nami namshukuru kwa la kwanza. Anasema Mheshimiwa aliita mara mbili zaidi, kisha akaacha kuita, lakini simu hakuikata. Dakika kadhaa zilipita, vigelegele vikipanda na kushuka. Halafu akamsikia Mheshimiwa akiuliza, kwa sauti ambayo hakuwahi kuisikia jukwaani:

"Ameshavuka?"

"Amevuka, Mheshimiwa," alijibu Bwana Liberati, aliyekuwa ameanza kusikia tena.